Kanuni za Motokaa za Mbio na Jinsi ya Kuzisoma

Tangu mbio za Safari ziliporudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, na motokaa zikaonekana tena zikitimua vumbi kandokando ya Naivasha, wanafunzi wengi wa shule yetu wamekuwa wakiniuliza juu ya mitambo. Wengine huuliza nguvu za injini, wengine huuliza bei ya magurudumu. Lakini swali moja limenijia mara nyingi kuliko yote: "Mwalimu, kwa nini fundi hodari asiachiwe kuitengeneza motokaa yake apendavyo? Akiwa na akili kuwapita wenzake, si haki yake ashinde?"

Swali hili ni jema, na jibu lake halihusu motokaa peke yake. Nimefundisha ufundi kwa miaka mingi, nami nimeona kwamba wanaojua kushika spana ni wengi, ila wanaojua kusoma kanuni ni wachache. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu ili nieleze kidogo jinsi kanuni za mbio zinavyosomwa, hasa katika mbio za ridhaa.

Mbio za ridhaa ni zile ambazo mtu huingia kwa kupenda kwake, si kwa mshahara. Siku za kazi mtu huyo ni karani, mkulima, daktari au mwashi. Siku ya mapumziko huvaa kofia ngumu na kuingia uwanjani na motokaa aliyoitengeneza kwa fedha zake mwenyewe. Hata Safari yetu ilianza kwa watu wa namna hiyo. Ilipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Motokaa zilikuwa zile zile zilizouzwa madukani, nazo ziligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei zake. Mwenye motokaa ya bei ndogo alishindana na mwenzake wa bei ndogo. Siku hizi mbele ya Safari wako madereva wa viwanda vikubwa, lakini fikira ile ya zamani ingali hai katika mbio za ridhaa za nchi nyingi.

Kanuni za mbio hizo zina kazi tatu. Ya kwanza ni kulinda maisha ya dereva na ya watazamaji. Ya pili ni kuhakikisha kwamba wanaoshindana wanalingana, ili anayeshinda ashinde kwa uhodari wa kuendesha na kutengeneza. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni kulinda mfuko wa maskini. Pasipo kanuni, mshindi atakuwa yule mwenye fedha nyingi za kununulia vyuma. Wengine watakwenda zao mmoja mmoja, na mwisho tajiri atabaki akikimbia peke yake.

Mifano yangu mingi nitaitoa Marekani, na sababu ni hii. Huko kiko chama kikubwa cha mbio za ridhaa, Sports Car Club of America, kilichoundwa mwaka 1944, na wanachama wake hujadili kitabu chao cha kanuni neno kwa neno, kama mawakili wanavyojadili sheria. Miongoni mwa madaraja yake limo moja liitwalo Improved Touring, yaani daraja la motokaa za kawaida za barabarani ambazo zimeruhusiwa kufanyiwa marekebisho machache tu. Maneno hayo "machache tu" ndiyo yaliyozaa mabishano mengi.

Jambo la kwanza la kujifunza ni maana ya kimya. Sheria za nchi mara nyingi hutuambia tusifanye nini, na yanayobaki tuna uhuru nayo. Kanuni za mbio zimekaa kinyume: hutaja yaliyoruhusiwa, na lisilotajwa limekatazwa. Waendeshaji wa chama hicho wana msemo wao ambao maana yake ni kwamba, ikiwa kitabu hakisemi unaweza, basi huwezi. Shirikisho la kimataifa la motokaa, FIA, nalo limeshika msingi huo huo katika kanuni zake.

Huenda mwanafunzi akaona ukali huu umezidi. Lakini na afikiri. Mtunga kanuni akiandika, "Ni marufuku kutoboa milango ili kupunguza uzito," kesho atakuja mtu aliyeiparuza kwa tupa mpaka ikawa myembamba kama karatasi, naye atasema, "Sikutoboa." Akikataza tupa, wa tatu atakuja na milango iliyoliwa kwa tindikali. Hila hazina mwisho, wala hakuna kitabu kinachoweza kuzitaja zote. Lakini yaliyoruhusiwa yanaweza kuhesabika na kuandikwa.

Na tutazame ruhusa moja iliyo wazi. Katika daraja la Improved Touring, fundi ameruhusiwa kwa miaka mingi kupanua tundu la silinda kwa inchi 0.040, kwa sababu injini iliyochakaa haina budi kuchongwa upya na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Inchi 0.040 ni kama milimita 1.016. Tuseme tundu la silinda ni milimita 80. Likichongwa litakuwa milimita 81.016. Gawanya 81.016 kwa 80, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, nawe utaona ukubwa wa injini umeongezeka kwa sehemu 2.56 katika kila 100. Injini ya sentimita za ujazo 1600 itakuwa karibu 1641. Nyongeza hiyo ni kama vijiko vinane vya chai tu. Sasa mtu akichonga kwa inchi 0.060, atasema ni jambo dogo. Ni dogo kweli, lakini mwenzake aliyetii kipimo hana dogo hilo, na katika mbio watu hupitana kwa nukta za sekunde.

Jambo la pili ni hili: kitu kilichoruhusiwa hakiruhusiwi kufanya kazi iliyokatazwa. Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Tuseme kanuni zinakubali mpira wa kupeleka hewa kwenye breki, ili zisichemke na kumponza dereva. Fundi mmoja anauweka mpira huo, halafu anaupinda kidogo ili hewa ipulize pia mafuta ya giaboksi, jambo ambalo kanuni hazikulitaja. Akiulizwa atajibu, "Huu ni mpira wa breki, na mpira wa breki ni halali." Jina la kitu ni halali, lakini kazi yake si halali. Kitabu cha chama kile kimelisema hili wazi, nalo limefunga milango mingi ya ujanja.

Jambo la tatu ni uzito wa neno moja. Wanafunzi wanaokwenda gereji wanajua bushi, yaani kile kipande cha mpira kinachokaa kwenye maungio ya mikono ya magurudumu ili kupunguza mtikisiko. Kanuni za Improved Touring zilisema kwamba bushi inaweza kutengenezwa kwa kitu cho chote. Walioandika, kama wengi walivyodhani, walifikiri juu ya mpira mgumu zaidi au plastiki. Lakini baadhi ya mafundi wakasema, "Chuma nacho ni kitu," wakaondoa mpira wote na kuweka maungio ya chuma yenye umbo la mpira wa kuchezea, yanayozunguka pande zote bila kulegea.

Hapo pakazuka ubishi. Upande mmoja ulisema kwamba ruhusa ilihusu bushi imetengenezwa na nini, na ungio lile si bushi tena bali ni kifaa kingine. Upande wa pili ulisema kwamba ungio lile linakaa mahali pa bushi na kufanya kazi ya bushi, tena kanuni haikuweka mpaka wo wote. Tazameni jinsi pande zote mbili zilivyokuwa na hoja. Hapakuwa na mwizi hapo. Palikuwa na neno moja lililoachwa wazi, na kila mtu akapita kwa mlango aliouona.

Jambo la nne ni tofauti kati ya maneno ya kanuni na kusudi lake. Injini za siku hizi zina kompyuta ndogo ndani ya kasha, ambayo hupima hewa na petroli na kuamuru cheche itoke wakati gani. Zamani kanuni za daraja lile ziliruhusu kompyuta hiyo ibadilishwe, kwa sharti kwamba mabadiliko yote yakae ndani ya kasha lake la asili. Bila shaka kusudi lilikuwa kuzuia gharama: ndani ya kasha dogo mtu angeweza kufanya nini? Lakini wenye fedha wakanunua kompyuta za mbio za bei kubwa sana, wakawalipa mafundi wa umeme wazibane ndani ya makasha ya zamani. Kasha lilikuwa lile lile, na maneno ya kanuni yalitimizwa yote. Ila kusudi lake lilipinduliwa juu chini. Kanuni iliyowekwa ili kumlinda maskini ikawa ukuta ambao tajiri peke yake aliweza kuuruka. Mwishowe chama kiliibadilisha, kikaruhusu kompyuta zilizowekwa waziwazi.

Wasomaji wasidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani tu. Muhula uliopita wanafunzi wa chama chetu cha sayansi walifanya mashindano ya vigari vya mbao vya kuteremka kilimani. Kamati yao iliandika kanuni, na mojawapo ilisema, "Magurudumu yawe ya mbao." Kundi moja lilichonga magurudumu mazuri ya mbao, likayatoboa katikati na kupachika beringi za chuma ndani yake. Kigari chao kiliwaacha wengine mbali. Walipolaumiwa walijibu, "Mwalimu, gurudumu ni la mbao, tazama mwenyewe." Na mkuu wa kundi la pili akasema, kwa uchungu uliotusikitisha sote, "Sisi tulipaka mafuta ya kupikia kwenye ekseli kwa kuwa tulidhani beringi hazikubaliwi. Tungalijua, tungalizitafuta kwenye vyuma chakavu kama wao."

Kamati iliacha ushindi ubaki, kwa kuwa kanuni haikutaja beringi, wala haikuandikwa po pote kwamba lisilotajwa limekatazwa. Lakini wale wakuu wawili, ambao walikuwa wakisoma dawati moja, hawajasemezana vizuri tangu siku hiyo, na baadhi ya wanafunzi wamesema hawataingia tena katika mashindano. Hayo ndiyo madhara ya kanuni iliyosomwa kwa namna mbili. Beringi si kitu cha thamani kubwa. Ila urafiki ulioharibika na imani iliyopotea haviuzwi kwenye vyuma chakavu.

Turudi kwenye motokaa, ili tuone kwamba hata mabingwa hupatwa na mkasa kama huo. Liko daraja lingine la chama kile cha Marekani liitwalo Spec Miata, ambamo kila mmoja huendesha Mazda Miata, na injini zote hutakiwa zilingane. Mwaka 2014, katika mbio kuu za chama zilizofanywa Laguna Seca, California, wakaguzi walizifungua injini baada ya mbio. Wakakuta kwamba chini ya viti vya valvu, mahali ambapo mashine ya kiwandani huacha ukingo mkali, baadhi ya mafundi walikuwa wameulainisha ukingo huo ili hewa ipite kwa wepesi. Motokaa kadhaa zilizomaliza mbele ziliondolewa katika matokeo. Wako waliosema kwamba kazi hiyo ilikuwa desturi ya watengenezaji wa injini. Lakini desturi haikuandikwa kitabuni, na mkaguzi hupima kwa kitabu. Baadaye kanuni za sehemu hiyo ziliandikwa upya, zikaeleza wazi zaidi mwisho wa kazi iliyoruhusiwa.

Je, mtu afanye nini anapokutana na kanuni isiyoeleweka? Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na hapa ndipo msemo huo unapofaa. Wanachama wa chama kile wana haki ya kuandika barua kwa bodi ya kanuni, kuomba maneno yaelezwe au yabadilishwe, na majibu huchapishwa ili kila mtu ayasome. Anayeuliza kabla ya mbio hupoteza siri yake, ni kweli. Lakini akijibiwa ndiyo, wote wamepata. Akijibiwa hapana, hakupoteza fedha zake. Anayenyamaza kwa kuogopa jibu, huyo tayari analijua jibu.

Na anayemshuku mwenzake afanye nini? Asipige kelele wala kunong'ona nyuma ya gereji. Kanuni zimempa njia ya kupeleka malalamiko kwa maandishi kwa wasimamizi, akitaja ni sehemu gani ya motokaa na ni kanuni ipi iliyovunjwa. Ikiwa ni lazima injini ifunguliwe, mlalamikaji huweka dhamana ya fedha ya kulipia kazi hiyo. Motokaa ikionekana halali, gharama humwangukia yeye; ikionekana si halali, humwangukia mwenye motokaa. Asiyeridhika na uamuzi ana haki ya kukata rufani. Mpango huu una busara: humzuia mwenye wivu asiwasumbue watu bure, na humpa mwenye haki mahali pa kusema.

Tena ni muhimu maana ya kanuni ijulikane mapema. Katika mbio za Monte Carlo za Januari 1966, ambazo kanuni mpya za kimataifa zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kutumika, motokaa tatu ndogo za Mini ziliingia za kwanza, za pili na za tatu. Kisha wakaguzi wakasema kwamba taa zake za mbele hazikufuata kanuni kwa namna zilivyobadilishwa kutoka mwanga mkali kwenda mwanga hafifu. Zote tatu zikaondolewa, na ushindi akapewa Pauli Toivonen aliyeendesha Citroën. Miaka mingi imepita, na hata leo mbio hizo hutajwa zaidi kwa ugomvi wa taa kuliko kwa uhodari wa dereva ye yote. Maana ya kanuni ikitolewa baada ya mbio, hata iwe sahihi namna gani, aliyeshindwa huiona kuwa ni hila.

Sasa nitataja kwa ufupi njia ninayowafundisha wanafunzi wangu ya kusoma kanuni yo yote, iwe ya mbio au ya maswali ya mtihani.

Kwanza, soma kitabu chote kabla ya kushika sentensi moja, kwa maana ruhusa ya ukurasa wa tano huweza kuwekewa mpaka katika ukurasa wa thelathini. Pili, tafuta maana ya kila neno katika orodha ya maana iliyomo kitabuni, usitegemee maana ya mitaani. Tatu, jiulize: je, imeandikwa kwamba naweza, au natumaini tu kwa kuwa haikuandikwa kwamba siwezi? Nne, jiulize kanuni hii iliwekwa ili kumlinda nani. Ikiwa tafsiri yako inamdhuru mtu huyo huyo, isome tena. Tano, jipime kwa jambo hili: ningekubali kumfungulia mpinzani wangu boneti, nikamwonyesha nilichofanya na kumsomea kanuni inayoniruhusu? Ikiwa moyo unasita, acha kazi hiyo, au peleka swali.

Kwa hiyo, namjibu mwanafunzi aliyeuliza kuhusu fundi hodari. Akili ya fundi haikukatazwa. Kusawazisha vyuma vya injini, kupima kila sehemu, kutafuta upepo ufaao wa magurudumu, kuweka springi na shokomzoba zielewane na njia: yote haya yana nafasi kubwa ndani ya kanuni, na hapo ndipo fundi wa kweli anapoonekana. Aliyewashinda wenzake ndani ya mipaka ile ile waliyowekewa wote amewashinda kweli.

Mwisho, nina tangazo. Kamati ya chama cha sayansi itakutana wiki ya kwanza ya muhula ujao ili kuandika upya kanuni za vigari vya mbao, pamoja na neno la beringi, kama zikubaliwe kwa wote au zikatazwe kwa wote. Mwanafunzi ye yote mwenye maoni na ayaandike kwa wino, ataje kanuni anayoizungumzia na sababu zake, kisha amkabidhi katibu kabla ya siku hiyo. Wazazi wenye ujuzi wa gereji nao wanakaribishwa kutuandikia. Wale wakuu wawili wa makundi nimewaomba waiandike ile kanuni ya magurudumu pamoja, katika karatasi moja, nao wamekubali.